Si kila kiitwacho dawa huponya vifaranga wa samaki

Mkulima anayenunua vifaranga wa samaki hununua kitu asichoweza kukikagua. Hukabidhiwa mfuko wa plastiki uliojazwa maji na oksijeni, ndani yake mkiwa na mamia ya viumbe wasiozidi urefu wa kidole, naye huulipia kwa imani tu kwamba waliomo watakua. Wakianza kufa juma moja baada ya kutiwa kidimbwini, hana ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Huambiwa kwamba maji yake ni mabaya, au kwamba aliwamwaga kwa pupa kabla hawajazoea joto la makazi mapya. Huenda ikawa kweli. Lakini pia huenda maradhi yaliyowaua aliyanunua pamoja nao, katika mfuko ule ule, kwa pesa zake mwenyewe.

Nitaulizwa, na ni haki niulizwe, mwanaisimu ametumwa na nani kuingilia mambo ya samaki. Mimi hufundisha lugha. Sifundishi uvuvi wala utabibu wa wanyama. Jibu langu ni kwamba maradhi ya bakteria yanayowaangamiza vifaranga katika vituo vya kuwatotoa na kuwalea si fumbo. Wataalamu wameyachunguza kwa miongo mingi, na njia za kuyazuia zimeandikwa zikaandikwa tena. Kinachokosekana ni daraja la kuufikisha ujuzi huo kwa kijana anayeshika wavu saa kumi na mbili asubuhi. Daraja hilo ni lugha, na kwa maoni yangu limejengwa vibaya.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mnamo mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao sehemu yake moja ilikuwa kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Hesabu ya haraka inatupa vidimbwi 28,000. Ukitia vifaranga 1,000 tu katika kila kidimbwi, unahitaji vifaranga milioni 28, nao hawaokotwi njiani. Kituo cha serikali cha Sagana kule Kirinyaga, kilichoanzishwa mwaka wa 1948, hakingeweza kuikidhi haja hiyo peke yake. Ndipo vituo vya watu binafsi vilipochipuka kama uyoga baada ya mvua. Baadaye vizimba vya samaki vikatapakaa katika Ziwa Victoria, na haja ya vifaranga ikazidi. Baadhi ya vituo hivyo vinaendeshwa kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Vingine ni matangi machache nyuma ya nyumba, yanayosimamiwa na mtu aliyejifunza kwa kutazama.

Ili tuelewe maradhi hupenyea wapi, inafaa tutazame jinsi maumbile yenyewe yalivyopanga malezi. Ngege jike akishataga, na dume akishayarutubisha mayai, mama huyakusanya yote kinywani mwake. Humo huyageuzageuza bila kukoma, maji mapya yakipita kati yake, hadi yanapoanguliwa. Hata baada ya kuanguliwa, watoto hukimbilia kinywani mwa mama yao wakiona hatari. Muda wote huo mama hujinyima chakula. Kinywa hicho ndicho kituo asilia cha kutotoa vifaranga, na usafi wake haukusomewa kitabuni.

Mfugaji anapomfungua mama huyo kinywa na kuyatoa mayai ili ayaweke katika chupa maalumu, anajitwika kazi ya mama. Maji hayana budi kupanda kutoka chini ya chupa ili mayai yaendelee kubiringika. Yakilala tuli hukosa oksijeni, yakafa. Na yai lililokufa hugeuka jeupe likawa karamu ya kuvu na bakteria, ambao kisha huyahamia mayai hai yaliyo jirani. Wahenga waliposema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza, walikuwa wakitufunza adabu za binadamu, lakini katika chupa ya mayai methali hiyo ni kweli tupu isiyo na mafumbo.

Kambare naye ana mambo yake. Mayai ya jike mmoja ni maelfu kwa maelfu, nayo huanguliwa katika muda wa siku moja na nusu hivi iwapo maji yana joto la kutosha. Kwa siku tatu hivi watoto huishi kwa kifuko cha kiini walichozaliwa nacho. Siku wanapoanza kulishwa ndipo hatari inapoongezeka, kwani chakula kisicholiwa huzama, huoza, huchafua maji na kuwalisha bakteria badala ya samaki.

Bakteria wenyewe hawatoki mbali. Jamii za Aeromonas na Flavobacterium zimo katika maji siku zote, hata mahali ambapo hakuna samaki mgonjwa. Flavobacterium columnare hushambulia ngozi, mapezi na matamvua ambayo samaki hupumulia. Utaona mabaka meupe au ya kijivu, na vifaranga wakielea juu wakitweta. Aeromonas huleta madoa ya damu, vidonda, mapezi yaliyolika na tumbo lililofura. Wapo pia streptokoki, ambao humfanya ngege azunguke majini kama mlevi huku macho yakimtoka, hasa maji yanapopata joto kali. Hao huwakumba zaidi samaki waliokwisha kukua, wakiwemo wazazi wanaofugwa kituoni.

Wengi wa bakteria hawa ni kama mwizi azungukaye mtaa mzima usiku akijaribu milango. Mlango uliokomewa huupita. Milango ya kifaranga hufunguliwa na mambo yanayojulikana: msongamano, uhaba wa oksijeni, amonia itokayo katika kinyesi na chakula kilichooza, joto linalobadilika ghafla, na mikono inayomshika vibaya hata ute wa ngozi yake ukatoka. Mlango ukishafunguliwa mambo huenda mbio. Katika hali inayowafaa, baadhi ya bakteria hugawanyika kila baada ya nusu saa. Mmoja aliyepata nafasi saa mbili usiku huweza kuwa na uzao wa zaidi ya milioni moja ifikapo saa kumi na mbili asubuhi. Kifaranga naye hana silaha. Kinga ya mwili wake haijakomaa, ndiyo maana hata chanjo, ambayo imewafaa samaki waliokua, haimfai aliyeanguliwa juzi. Kwake yeye kinga haikuwa bora kuliko tiba tu. Aghalabu ndiyo njia pekee iliyopo.

Na kinga hiyo ni nini? Ni maji yatokayo kisimani au kwenye chemchemi, wala si mtoni ambako samaki wa mwituni huogelea. Ni wazazi wapya kutengwa kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Ni kila tangi kuwa na wavu wake, nao ukitumiwa uoshwe, utiwe katika maji ya kuulia viini, kisha uanikwe juani. Ni mlangoni kuwa na beseni la kukanyagia kila aingiaye, awe mfanyakazi, mnunuzi au mheshimiwa aliyekuja kupigwa picha. Ni kulisha kidogo kidogo mara nyingi, na kuzifyonza taka kabla hazijaoza. Ni kuanza kazi ya kila siku kwa vifaranga wadogo zaidi na kumalizia kwa tangi lenye wagonjwa, wala si kinyume chake. Ni kuwatoa waliokufa kila asubuhi, kuwahesabu, kuwaandika daftarini na kuwazika mbali. Ni tangi zima kuuzwa, kusafishwa na kukaushwa kabla ya kutiwa kizazi kingine. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji shahada ya chuo kikuu. Yanahitaji mazoea, na mazoea hujengwa na maelezo yanayoeleweka.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Miaka kadhaa iliyopita, nikikusanya msamiati wa wafugaji wa samaki magharibi mwa nchi, nilishinda katika kituo kimoja nikisikiliza mazungumzo ya wafanyakazi. Sitakitaja, maana hakikuwa kibaya kuliko vingine. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeorodhesha vitu sita ambavyo vyote viliitwa dawa. Chumvi ya kuwaogeshea vifaranga kabla ya safari ilikuwa dawa. Klorini ya kutakasia matangi matupu ilikuwa dawa. Iodini ya kuogeshea mayai, homoni inayochanganywa na chakula ili vifaranga wa ngege wote wakue wakiwa madume, na sindano anayodungwa kambare jike ili atage, zote zilikuwa dawa. Ya sita ilikuwa unga wa manjano wa kiuavijasumu ulionunuliwa katika duka la pembejeo bila cheti cha mganga wa mifugo. Kijana mmoja aliambiwa na mkubwa wake, "Nenda ukatie dawa tangi la tatu." Alisimama, akauliza, "Dawa gani, mzee?" Nilimpongeza moyoni. Lakini je, siku atakayoona haya kuuliza? Klorini ikitiwa mahali pa chumvi, tangi zima litakuwa limekufa kabla ya jua kutua.

Neno dawa tulilipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limetanuka mno. Dawa ya mbu haimponyi mbu, humwua. Dawa ya panya ni sumu. Dawa ya meno haitibu jino lililooza. Dawa za kulevya haziponyi chochote. Hata moto, kwa mujibu wa methali, dawa yake ni moto. Sisemi upana huu ni ila ya lugha yetu. Lugha zote zina maneno ya namna hiyo, na katika maisha ya kila siku muktadha hutuondolea utata: hakuna anayepigia mswaki dawa ya panya. Lakini kituoni muktadha ni ule ule kutwa kucha: tangi, maji na samaki. Neno lililozoea kusaidiwa na muktadha hujikuta limeachwa peke yake, nalo haliwezi kuubeba mzigo huo.

Madhara yake hayaishii katika kuchanganya chupa. Neno moja linapofunika chumvi, klorini na kiuavijasumu, hufuta mpaka kati ya kuzuia na kutibu. Mtu huamini kwamba kutia kiuavijasumu katika maji ya vifaranga wazima ni sehemu ya usafi, kama vile kuosha sakafu. Humwuliza mwenzake, "Umewapa dawa?" kana kwamba anauliza kama wamelishwa. Hivyo kitu ambacho kilistahili kutumiwa baada ya uchunguzi, kwa kipimo na kwa siku maalumu, huwa desturi ya kila Jumatatu.

Neno la pili linalotuponza ni wadudu. Katika mazungumzo ya kawaida bakteria huitwa wadudu: mtoto huambiwa anawe mikono ili aondoe wadudu. Kwa mtoto hakuna neno. Lakini mfugaji akiambiwa kwamba samaki wake wanauawa na wadudu, atakwenda dukani kuomba dawa ya wadudu, naye muuzaji, bila ubaya wowote, atampa sumu ya kunyunyizia mboga. Sumu za aina hiyo nyingi huwaua samaki haraka kuliko bakteria yeyote. Wengine, wakikwepa neno wadudu, husema viini. Hili ni zuri zaidi, ila kwa mwenye mayai lina mtego wake, kwa kuwa kiini ndicho kile kifuko cha chakula anachozaliwa nacho kifaranga. Agizo la kuondoa viini katika mayai laweza kumshangaza mtu mwenye akili timamu. Ni heri tuseme viini vya maradhi kwa ukamilifu wake, au bakteria, neno ambalo watoto wetu hulisoma shuleni.

Neno la tatu ni safi. Nimewasikia wafugaji wakiapa kwamba maji yao ni safi kwa sababu sarafu iliyo chini ya tangi huonekana. Maji hayo yanaweza kuwa yamejaa amonia, ambayo haina rangi, huku oksijeni ikiwa imepungua mno. Kwa upande mwingine, maji ya kidimbwi cha ngege yenye rangi ya kijani kibichi, ambayo mgeni angeyaita machafu, huwa na vijimea vinavyowalisha samaki na kutoa oksijeni mchana. Usafi wa macho ni kitu kimoja na usafi wa vipimo ni kingine. Vilevile kusafisha si kutakasa. Kusafisha ni kuondoa uchafu kwa maji na burashi. Kutakasa, kama ninavyopendekeza tulitumie neno hilo, ni kuua viini vya maradhi kwa klorini, iodini au jua. La kwanza lazima litangulie la pili, kwa sababu klorini ikikutana na utelezi na kinyesi humaliza nguvu zake humo kabla ya kuwafikia bakteria. Mfanyakazi asiyepewa maneno mawili atafanya kazi moja tu kati ya hizo mbili, naye atadhani amemaliza.

Wapo watakaosema kwamba ninakuza jambo dogo. Kwamba kiuavijasumu, hata kikitumiwa kiholela, huokoa vifaranga wa mtu maskini. Hoja hii inastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba viuavijasumu vina mahali pake. Mganga akishathibitisha kwamba maradhi ni ya bakteria, akajua ni bakteria gani na dawa gani inaimudu, tiba huwa halali na ya lazima. Lakini kuvitumia kama kinga ni kujichimbia kisima cha matatizo. Kwanza, havigusi virusi wala havirekebishi uhaba wa oksijeni, mambo ambayo pia huua vifaranga kwa wingi. Pili, si bakteria wote walio maadui. Katika vichujio vya matangi wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati isiyodhuru sana. Kiuavijasumu kinachomwagwa majini chaweza kuwaua watumishi hao, na juma linalofuata vifaranga wakafa kwa amonia, mwenye kituo akaongeza dawa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, bakteria wanaopona hujenga usugu, kisha huurithisha uzao wao na hata kuugawia bakteria wa jamii nyingine. Maji ya tangi humwagwa mtaroni, mtaro humwaga mtoni, na mto hunywesha ng'ombe na watu. Viuavijasumu vya jamii ya tetrasaiklini vinavyotumiwa kwa samaki ni ndugu wa vile anavyoandikiwa binadamu hospitalini. Kwa hiyo mtu anayetia kiuavijasumu katika tangi la vifaranga wazima anatumia akiba ambayo si yake peke yake. Anakopa kutoka kwa mgonjwa asiyemjua, wala hana nia ya kulipa.

Kwamba njia nyingine ipo si ndoto. Norwe, nchi inayofuga samaki aina ya samoni, ilipitia janga hili kabla yetu. Katika mwaka wa 1987 wafugaji wa huko walitumia viuavijasumu vinavyokaribia tani 50 kuzalisha samaki wasiozidi tani 60,000. Leo nchi hiyo huzalisha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na viuavijasumu inavyotumia havifiki tani moja. Haikuupata ufanisi huo kwa kubuni dawa kali zaidi. Ilitengeneza chanjo dhidi ya maradhi makuu ya bakteria, ikawachanja samaki wachanga kabla ya kupelekwa baharini, ikatenganisha vizazi, ikaziacha sehemu za kufugia zipumzike baada ya mavuno, na ikataka kila tiba iandikwe na mganga na kuripotiwa. Chile, ambayo nayo hufuga samoni na inasumbuliwa na bakteria mwingine ambaye chanjo zake hazijafua dafu, imekuwa ikitumia mamia ya tani kwa mwaka. Ngege si samoni, na Kisumu si Bergen. Sisi hatuwezi kuiga chanjo zao kesho asubuhi. Lakini wavu mmoja kwa kila tangi, beseni la mlangoni na daftari la vifo tunaweza kuvianza leo jioni.

Kuna pingamizi jingine ambalo hunisibu mimi binafsi, kama mwalimu wa lugha. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo haya, kwa hiyo tuyaache katika Kiingereza. Wanaosema hivyo hawajapekua rafu za maktaba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Bakteria, virusi, kuvu, kinga, chanjo, usugu, kuambukiza, kutenga: yote ni maneno tuliyo nayo. Palipo na pengo, wazungumzaji hulijaza. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Mombasa, anayesifiwa kwa kutupa neno runinga, hakungoja ruhusa ya mtu. Jina la ngege tulilipokea kutoka kwa watu wa ziwani, nalo limekaa katika Kiswahili kama mwenyeji.

Wengine husema kwamba mfanyakazi wa kituo angefaidika zaidi kwa Kijaluo, Kiluhya au Kikuyu kuliko kwa Kiswahili. Mimi siwapingi. Afisa wa nyanjani atakayeeleza kwa lugha ya mama ya mkulima na abarikiwe. Lakini wafanyakazi wa vituo hivi hutoka pande mbalimbali, na lugha wanayoitumia wao kwa wao tangini ni Kiswahili. Aidha kifungu cha saba cha katiba yetu ya mwaka wa 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi isiyoandikwa kwenye lebo ya kemikali inayoweza kuua tangi zima ni rasmi kwa jina tu.

Basi ninapendekeza mambo manne, nayo si ya gharama kubwa. La kwanza, wizara inayohusika na uvuvi, ikishirikiana na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu, itayarishe mwongozo mmoja wa usafi wa vituo vya vifaranga, kwa Kiswahili chepesi na kwa michoro, usiozidi kurasa ambazo mtu anaweza kuzibandika ukutani. Katika mwongozo huo neno dawa litumiwe kwa kitu kimoja tu: kile kinachotolewa kwa samaki mgonjwa kwa maagizo ya mganga. Chumvi iitwe chumvi. Klorini iitwe klorini. Homoni iitwe homoni.

La pili, kila kemikali inayouzwa kwa wafugaji iwe na maelezo ya Kiswahili kuhusu kazi yake, kipimo chake na hatari zake. La tatu, kwa kuwa ugatuzi umezikabidhi kaunti huduma za uvuvi, kila kaunti yenye vituo hivi iwe na afisa anayevitembelea, anayekagua daftari la vifo na kuchukua sampuli zipelekwe maabarani, wala asingoje kuitwa vifaranga wakishakwisha. Kituo kinachopita ukaguzi kipewe cheti, na cheti kibandikwe mlangoni ambako mnunuzi atakiona. La nne, viuavijasumu vikome kuuzwa kama sukari. Muuzaji aonaye ugumu wa kudai cheti cha mganga achague bidhaa nyingine ya kuuza.

Nawe msomaji, iwapo unanuia kununua vifaranga, usingoje serikali. Mwombe mwenye kituo akuonyeshe daftari la vifo. Asiye nalo hajui wangapi wamekufa, na asiyejua idadi hajui sababu. Tazama kama kila tangi lina wavu wake. Tazama kama umeambiwa ukanyage beseni mlangoni, maana kituo kinachokuruhusu kuingia na matope ya kidimbwi chako kimewaruhusu wengine pia. Waangalie vifaranga: walio wazima huogelea kwa pamoja, hukimbia kivuli cha mkono, na mapezi yao ni kamili. Kisha uliza swali moja la mwisho: "Mnawapa dawa gani?" Ukijibiwa kwamba wanapewa dawa kila wiki ili wasiugue, shika njia urudi kwako na pesa zako mfukoni. Ukijibiwa kwamba hawapewi dawa yoyote kwa kuwa hawaumwi, uliza bei.

Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, tukiwa na maana ya malezi ya watoto. Methali hiyo yafaa sasa irejeshwe kwa samaki mwenyewe. Maradhi yanayozuiliwa katika juma la kwanza la maisha yake hayatamfuata kidimbwini, wala kizimbani, wala sokoni. Kazi ya kuyazuia ni ya mikono na ya macho, lakini mikono na macho huongozwa na maneno. Tukiendelea kuita kila chupa dawa, tutaendelea kuzika vifaranga na kulaumu maji.